Mwongozo wa Mikono Laini: Desemba Kihambani Mwika

Kila Desemba barabara inayotoka Himo kupanda Marangu Mtoni hadi Mwika, kwenye mlima Kilimanjaro, hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani. Wanashuka mameneja wa benki, walimu, madereva wa malori, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara wa Kariakoo, na wengi wao wamefanana kwa jambo moja: mikono imelainika. Wamekuja kula Krismasi. Mbuzi atachinjwa, kisusio kitapikwa, mtori utapondwa, mbege itachujwa, na kila kimoja kitawafikia kikiwa kimeshapita kwenye mikono ya mtu mwingine, mara nyingi mzee ambaye magoti yake yameshachoka na mteremko.

Mwongozo huu ni wa hao wenye mikono laini. Unaeleza, hatua kwa hatua, jinsi ya kukaa Mwika likizo nzima na kurudi mjini ukiwa na malengelenge ya halali na ujuzi wa kazi moja ya mikono ya kwenu. Moja inatosha. Anayetaka kuzijua zote kwa likizo moja ataondoka na picha nyingi, na kazi atakayoiweza itakuwa kuonyesha picha.

Kazi zenyewe bado zipo. Mhunzi wa Mamba bado anafua chuma, mfongo bado unapeleka maji migombani, mama bado anajua kwa kunusa kama ndizi za pombe zimeiva vya kutosha. Kinachopungua ni watu waliosimama karibu kazi inapofanyika. Ujuzi huu hupita mkono kwa mkono, na mkono wa kupokea ukiwa Dar es Salaam mwezi mzima na ukifika nyumbani unashika chupa, hakuna kinachopita. Basi tuanze.

Vifaa vinavyotakiwa

Gamboti. Viatu vyeupe viache kwenye gari, maana udongo wa mlimani ni mwekundu na haumjui mtu aliyesoma.

Nguo kuukuu. Kama huna nguo kuukuu, omba kwa kaka yako aliyebaki nyumbani. Anazo, na atafurahi kukuona ndani yake.

Panga. Usinunue Moshi mjini. Utaelezwa pa kulipata katika hatua ya nne.

Simu, ikiwa imezimwa. Picha moja mwishoni mwa siku inatosha kuthibitisha kwamba ulikuwepo.

Fedha taslimu. Fundi unayekwenda kumsumbua ana kazi zake. Muda wake una bei, kama wako.

Hatua ya kwanza: salimia kwanza, uliza baadaye

Kosa la kwanza la mtu wa mjini ni kufika kwa fundi na swali mkononi. Huku swali hutanguliwa na salamu, na salamu haikatwi njiani. Sema "shikamoo", subiri "marahaba". Kama kwenu bado wanasalimiana Kichagga, sema "shimboni" na uvumilie kuulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na za kwa nini mwaka jana hukuja kwenye msiba. Mzee mwite Meku au Babu. Mama mwite kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ukipewa kitu, jibu kwa mwanamume ni "aika mbe", na kwa mwanamke ni "aika mae".

Ukishasalimia, kaa. Usikimbilie kuomba kufundishwa. Chukua ufagio, beba ndoo, sogeza kuni. Fundi wa mlimani humfundisha anayemwona anafanya kazi, na humhurumia anayemwona anauliza. Unataka kufundishwa, kwa hiyo beba ndoo.

Hatua ya pili: jifunze kutembea kihambani

Umezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, lakini hiyo haina maana kwamba unakiona. Simama katikati yake asubuhi na utazame juu, kisha shuka kwa macho polepole. Kihamba ni nyumba ya ghorofa nne. Juu kabisa kuna miti mikubwa, mringaringa na mfuruanje, inayopunguza jua na kuangusha majani ya mbolea. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Pembeni yuko ng'ombe wa ndani, ambaye majani ya migomba huingia kwake upande mmoja na kurudi kwenye migomba upande wa pili yakiwa samadi.

Watafiti waliohesabu mimea ya vihamba vya Kilimanjaro miaka ya 1980 walikuta zaidi ya aina 100. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, upande wa Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Kwa hiyo unapokata mti wa mringaringa ili gari lako lipate pa kuegesha, fahamu unachokata.

Kazi yako ya siku hii ni shina moja la mgomba. Angalia machipukizi yake. Mgomba uliotunzwa una watatu: mama anayezaa, mtoto anayekua, mjukuu anayechungulia. Wengine wote wanakula chakula cha hao watatu na wanatakiwa kutoka. Kutoa chipukizi kunataka panga dogo, pembe sahihi, na uamuzi. Uamuzi ndio mgumu. Muulize aliyekilea kihamba ni yupi abaki, umsikilize anavyoeleza upande utakaopata mwanga mwakani na upande ambao mkungu utaangukia. Mtu huyo anapanga mavuno ya mwaka ujao akiwa ameinama, bila karatasi.

Kahawa nayo ipite kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyowafanya wakulima wa mlima huu waunde chama chao, KNPA, mwaka 1925 chini ya Joseph Merinyo, na kisha Chama cha Ushirika cha KNCU mwaka 1933. Shule nyingi unazoziona njiani zimejengwa kwa kahawa, na inawezekana ada yako ilitoka kwenye mti uliokaribia kuukanyaga.

Hatua ya tatu: tengeneza ngata

Ukitaka kujua ulivyo, jaribu kazi ndogo kabisa. Akina mama wanaopanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani hawaubebi juu ya nywele. Huokota jani la mgomba lililokauka, hulikunja, hulizungusha, hulifunga kwa uzi wa gome la mgomba, na ngata inakuwa tayari kabla hujapata mkao wa kuketi.

Yako itafumuka. Siri iko kwenye unyevu: jani lililokauka kabisa huvunjika, bichi huteleza, na linalofaa ni lile lililokauka mgombani lakini likapata umande wa alfajiri. Kwa hiyo ngata nzuri huanza kwa kuamka mapema. Rudia mpaka ishike, kisha weka ndoo ya maji juu yake utembee hadi jikoni. Ukifika na nusu ya maji umefaulu. Ukifika na ndoo nzima, mpigie simu mwajiri wako umwambie una sifa mpya.

Hatua ya nne: nenda Mamba kwa mhunzi

Hapa ndipo likizo inapopata maana. Mamba ni jirani wa Mwika, upande wa kuelekea Marangu, na wahunzi wake wana sifa ya muda mrefu mlimani. Zamani walifua mikuki ya Wachagga na ya Wamasai, majembe, visu, kengele za ng'ombe na mapambo. Chuma chenyewe kilitoka kwa watani wetu, Wapare: Ugweno, kwenye milima ya Upare Kaskazini, ndiko kulikokuwa na ukoo wa Washana waliojua kuyeyusha mawe mpaka yatoe chuma. Mchagga yeyote anayemtania Mpare kuhusu ubahili akumbuke kwamba mkuki wa babu yake ulianzia kwenye tanuri la Mpare.

Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Kidia, Old Moshi, alichapisha mwaka 1912 makala nzima kuhusu mhunzi wa Kichagga na imani zilizozunguka kazi yake. Nyundo yake ilikuwa kitu cha kuapia, na laana yake haikuchezewa. Kwa hiyo ukifika usishike nyundo kabla hujaambiwa. Simama upande ambao moshi hauji na usubiri.

Leo chuma hakitoki Ugweno. Kinatoka kwenye magari yaliyokufa. Springi ya lori ni chuma kizuri: ngumu, yenye kunepa, imeshazoea kubeba mzigo. Mhunzi huikata kipande kwa tindo, hukizika kwenye makaa, na mtu wa mivukuto huanza kazi. Mivukuto ya asili ni viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Kila kimoja hufunguliwa mdomo kinapoinuliwa ili kivute hewa, na hufungwa kinaposhushwa ili kiisukume kwenye moto kupitia mrija. Mkono wa kulia ukiinuka, wa kushoto unashuka, na upepo haukatiki. Hii ndiyo kazi utakayopewa kwanza, kwa kuwa ukiikosea hakuna atakayeumia. Mabega yatakukumbusha kesho yake kwamba ulifika.

Sasa tazama rangi, maana mhunzi anapima moto kwa macho. Chuma kikiwa chekundu cha giza, bado. Kikifika rangi ya chungwa, kitoe, kiweke kwenye fuawe, piga. Ukikizembea mpaka kiwe cheupe na kurusha cheche, umekiunguza, na sehemu hiyo haifai tena. Kati ya kutoa na kupoa una muda mfupi sana, kwa hiyo mhunzi hafikirii akiwa ameshika nyundo. Amefikiri chuma kilipokuwa motoni. Kila pigo lina kazi yake: hili linarefusha, hili linapanua, hili linanyoosha kilichopinda kwa pigo lililopita. Mapigo mepesi unayoyasikia kwenye fuawe yenyewe ni ya kupima mkono na kumpa msaidizi mwendo.

Panga likishapata umbo hunolewa kidogo, kisha huja sehemu ambayo mtalii huwa ameshaondoka. Makali hupashwa tena mpaka yawe mekundu, kisha huchovywa majini. Hapo chuma kimekuwa kigumu mno, na ukikipiga kwenye kisiki kinaweza kukatika kama kigae. Inabidi kilainishwe kwa kiasi. Mhunzi husugua upande mmoja mpaka ung'ae, hukipasha taratibu, na rangi huanza kutembea juu ya chuma: kwanza ya majani makavu, karibu nyuzi 230 za Selsiasi, kisha ya hudhurungi, kisha zambarau, kisha bluu inapokaribia 300. Kisu cha kunyolea manyoya kinasimamishwa mapema. Panga la kukatia migomba na kuni huachwa lisogee hadi karibu na zambarau, ili liwe na makali na bado linepe. Mhunzi hana kipimajoto. Ana macho, na kivuli cha kibanda chake kina kazi: kwenye jua kali rangi hizo hazionekani vizuri.

Omba urudie sehemu hiyo ya mwisho, kwa kipande chakavu, huku yeye akitazama. Utachelewa, rangi itapita, kipande kitakuwa laini. Omba kingine. Siku utakapoikamata rangi kwa wakati wake utakuwa umeshika kiini cha uhunzi. Kisha nunua panga lake, kwa bei yake, bila kumwambia kwamba la dukani ni rahisi zaidi. Anajua. La dukani halikusimamishwa kwa ajili ya mgomba wa Mwika na mtu anayeujua mgomba wa Mwika.

Hatua ya tano: safisha mfongo

Uliza kama ukoo wenu una zamu kwenye mfongo wowote. Upande wa Mwika na Rombo una mito michache ya kudumu kuliko Machame, kwa hiyo maji huku yamekuwa mali ya kugawana kwa akili. Mifongo ya mlima huu ni mifereji iliyochimbwa na koo kwa majembe, ikichukua maji mtoni juu karibu na msitu, kuyapitisha kando ya bonde na kuyaleta vihambani. Mingine ilikuwapo kabla Johannes Rebmann hajafika Uchagga mwaka 1848 na kuwaandikia Wazungu habari za theluji karibu na Ikweta.

Tazama banio, pale maji yanapoacha mto. Ni mawe, matawi, mashina ya migomba na udongo. Mhandisi wa zege atasema halidumu. Ni kweli, halidumu, na hilo lina faida yake. Mafuriko yakija, banio huvunjika lenyewe, mto unapita na mfereji unasalimika. Kesho yake watu wanalijenga upya kwa vitu vilivyopo pale pale. Kisha tazama mteremko wa mfereji. Ukiwa mkali, maji yanakula udongo na kuchimba shimo. Ukiwa mdogo mno, tope linatua na mfereji unaziba. Waliochimba walipata mteremko unaofaa kwa kuyaruhusu maji yaingie kidogo kidogo nyuma ya jembe, na maji yakawaonyesha. Mahali palipokuwa na korongo walitandika magogo yaliyochongwa matumbo yakawa mabomba.

Kazi yako ni ya koleo. Siku ya usafi kila mwenye zamu anafika au anatuma mtu, na asiyefika anatozwa. Utapewa kipande chako cha kuzibua. Toa tope, liweke upande wa chini ili kingo ipande, ng'oa magugu, lakini usiguse mizizi ya miti inayoshikilia kingo. Kijana atakayeikwangua kingo mpaka ing'ae kwa kudhani anasafisha atakuwa amelegeza ukuta wa mfereji, na atasikia maneno.

Kisha kesha usiku mmoja. Maji ya usiku hayaachwi yapotee: huelekezwa kwenye bwawa dogo liitwalo nduwa, likajaa watu wakiwa wamelala, na alfajiri mwenye zamu anafungua mdomo wake. Fuatana naye na taa. Atazibua kwa jembe moja, atazibia kwa bonge la udongo na jani la mgomba, atasogea, atazibua pengine. Maji yatapita kwenye mizizi ya kahawa kwa utulivu bila kuibeba mbolea. Baada ya hapo hutakuwa na haja ya kuelezwa kwa nini watu hugombana kwa dakika kumi za maji, na kwa nini koo ziliweka mzee wa mfongo wa kuwaamua.

Wengi huamini maji haya ni theluji iliyoyeyuka. Theluji ina mchango mdogo. Maji ya mifongo hutokana zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Barafu ya kileleni ilipungua kwa takribani asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na hilo linaumiza macho ya kila mwana wa Kilimanjaro, lakini siku msitu utakapoisha ndipo mfongo utakapokauka. Anayependa kihamba cha baba yake aanze kwa kutokata mti kwenye chemchemi.

Hatua ya sita: shika mwiko wa mbege

Kunywa unajua. Sasa jifunze kinavyopatikana unachokunywa. Mkungu wa ndizi za pombe hukatwa ukiwa umekomaa na huivishwa kwa siku kadhaa mpaka ganda lianze kuwa jeusi. Ndizi humenywa, huwekwa kwenye pipa na maji, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya kahawia yenye wekundu. Kukoroga pipa hilo ni kazi ya bega zima, moshi machoni, na huachii mwiko kwa kuwa zinashika chini. Zikishapoa hufunikwa, zikachacha siku kadhaa. Kisha huchujwa.

Upande wa pili ulezi umelowekwa, umeoteshwa, umekaushwa na kusagwa. Unapikwa uji, unapozwa, unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake mbege imekomaa. Ikinywewa mapema ni tamu mno. Ikichelewa inageuka kali na tumbo linalalamika. Mpishi amehesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka siku ya sherehe: harusi ni Jumamosi, ndizi lazima zikatwe lini? Kosa la siku moja linakaa kwenye kila kata itakayopita mkononi mwa wageni mia mbili.

Kuna pia msesewe, gome chungu linaloipa mbege ukali wake. Hapa usijaribu mwenyewe. Msesewe ni wa jamii moja na miti inayotoa dawa ya shinikizo la damu, na kipimo chake kiko kwenye mkono wa mama aliyepima mara nyingi. Muombe akuonyeshe kiasi anachotia, ushike kwenye kiganja chako, urudishe.

Mbege ikiwa tayari, aliyeipika huonja kwanza mbele ya watu ndipo kata izunguke. Wewe uliyekoroga unaweza kukaa karibu na pipa kwa haki, jambo ambalo mwaka jana ulilifanya bila haki yoyote.

Hatua ya saba: mzinga na msonge

Hizi mbili ni za kutazama, maana zinataka mwaka na si likizo. Mzinga wa nyuki huchongwa kwenye gogo, na mringaringa unapendwa kwa kuwa ni mwepesi kuchonga na haupasuki ovyo. Tangu 2005 sehemu kubwa ya msitu wa mlima imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo mti wa mzinga inabidi uwe umepandwa nyumbani. Panda mmoja likizo hii. Hilo unaliweza kwa nusu saa.

Msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa toka kilele hadi chini, ambamo watu, moto na ng'ombe walilala chini ya paa moja, siku hizi utaukuta Marangu kwenye maeneo ya makumbusho. Ingia, kaa kimya, uangalie jinsi fito zinavyoegemeana juu bila msumari. Kama kuna mzee kwenu aliyewahi kuezeka, nenda naye. Atakuonyesha kwa mkono makosa ya waezekaji wa leo, na hayo makosa ndiyo darasa.

Ukiharibu

Umezibua mfongo siku isiyo yako. Umekata chipukizi aliyetakiwa kubaki. Umeunguza springi ya mwisho ya mhunzi. Usitume ujumbe wa simu na alama ya uso unaolia. Nenda kwenye mpaka wa kihamba, chuma jani la isale, nenda nalo kwa miguu yako mpaka kwa uliyemkosea, umkabidhi. Isale linaweka mipaka ya vihamba, linasimama kwenye makaburi ya wazee, na mbele yake mtu hana ruhusa ya kuendelea kukasirika. Ukishasamehewa, shika koleo urekebishe.

Jinsi ya kulipa

Lipa fundi kwa kazi, na lipa tena kwa darasa. Nunua panga moja la kwako na moja la jirani wa mjini mwenye bustani. Ukiwa na gari, rudi na springi chakavu badala ya kreti ya bia: mhunzi ataikumbuka zaidi. Kama una nafasi serikalini au kwenye biashara, tumia ulichonacho. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi mkoani Kilimanjaro. Mhunzi wa Mamba hahitaji hotuba kuhusu utamaduni. Anahitaji soko, chuma, na kijana wa kumsaidia mivukuto anayelipwa vya kutosha ili asikimbilie bodaboda.

Fundi asipolipwa, zana zake huishia kabatini. Ayalandi, nchi nyingine ya wakulima wadogo ambao watoto wao walisambaa duniani kutafuta kazi, ilifungua mwaka 2001 makumbusho ya taifa ya maisha ya vijijini huko Turlough, kaunti ya Mayo. Mgeni anaona vikapu, majembe na zana za mafundi wa miaka 1850 hadi 1950 zikiwa zimepangwa vizuri kabatini. Ni kazi nzuri, na ninawapongeza kwa kuihifadhi. Sisi bado tuna bahati iliyo kubwa kuliko hiyo: zana zetu nyingi ziko mikononi mwa watu wanaozitumia asubuhi ya leo. Kabati la kioo linatunza nyundo. Rangi ya zambarau kwenye makali ya panga, mteremko wa mfongo na harufu ya ndizi zilizoiva haviwekeki kabatini.

Kwa hiyo, ndugu wa mikono laini, Desemba hii chagua moja. Uhunzi, mfongo, mbege, mgomba, au hata ngata. Nenda kwa anayeijua kabla ya tarehe 25, maana baada ya hapo wote tutakuwa tumeshiba. Nenda na mtoto wako, umkabidhi mwiko au koleo, usimpige picha. Na kama fundi huyo ni baba yako au mama yako mwenyewe, usisubiri Desemba: panda basi la kwanza linalokwenda Mwika.